Siti Hakuzaliwa Siti: Watu Waliojichagulia Jina, na Karatasi Zilizogoma

Staa yeyote akitangaza kwamba kuanzia leo ana jina jipya, na kwamba jinsia yake si ile dunia iliyomjua nayo, mnajua kinachofuata. Nusu ya mtandao inampongeza. Nusu nyingine inakimbia kufukua picha za zamani. Halafu lazima atokee mmoja na ile sentensi yake: "Jina ulipewa na wazazi, jina halibadilishwi."

Hiyo sentensi ndiyo imenileta hapa leo. Ukiipeleka kwenye historia, hata historia ya hapa kwetu Afrika Mashariki, haisimami dakika mbili. Watu wamebadili majina tangu kitambo, na wengine wao tumewaweka kwenye noti na kwenye vitabu vya shule bila kelele yoyote. Kitu ambacho hakijawahi kuwa rahisi ni kingine: nani anakubali kuliandika hilo jina jipya, na nani anagoma.

Kanuni moja kabla hatujaendelea. Kwenye stori hii, watu wa transjenda nitawataja kwa majina waliyoyachagua tu. Yale waliyopewa wakizaliwa hayamo humu. Ukimaliza kusoma utaona kwamba hujakosa kitu, stori imeeleweka vizuri tu bila hayo.

Tuanze nyumbani

Siti binti Saad. Hata kama husikilizi taarab, hilo jina umelisikia. Ni yule mama wa Unguja aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, wakati ambapo mwanamke kuimba hadharani tu ilikuwa maneno. Shaaban Robert mwenyewe aliandika wasifu wake.

Sasa, Siti hakuzaliwa Siti. Alizaliwa kijiji cha Fumba, karibu mwaka 1880, katika familia iliyotoka kwenye utumwa, na jina alilopewa ni Mtumwa. Soma tena taratibu: mtoto, jina lake Mtumwa. Alikua akisaidia kazi ya vyungu, akivipeleka kuuza na kuvinadi kwa sauti ambayo watu walianza kuitambua kabla hawajamwona. Alipohamia mjini na kuanza kuimba kwenye nyumba za wakubwa, akapata jina jingine. Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Alifariki mwaka 1950. Niambie, nani leo anaandika "Mtumwa binti Saad" kwenye bango la tamasha? Nani anasema, "Lakini jina lake halisi ni Mtumwa"? Hakuna. Tulielewa wote kwamba lile la kwanza lilikuwa alama ya pale walipomweka watu wengine, na la pili ndilo lililomfaa.

Twende Thogoto, Kiambu. Mwaka 1914 kijana mmoja wa misheni ya Waskoti anataka kubatizwa. Nyumbani anaitwa Kamau. Inasimuliwa kwamba alitaka mawili, John na Peter, wamisheni wakamwambia achague moja. Kijana akapiga hesabu: Peter maana yake ni jiwe, na jiwe kwa Kiingereza ni "stone". Akatoka na Johnstone. Yaani alipata yote mawili na hakuvunja sheria yoyote! Baadaye akajiita Kenyatta, jina linalohusishwa na mshipi wa shanga aliopenda kuvaa. Na mwaka 1938, kitabu chake kilipotoka London, jina kwenye jalada lilikuwa Jomo. Huyo ndiye rais wa kwanza wa Kenya. Jina lililopo kwenye uwanja wa ndege wa Nairobi si lile ambalo mama yake alimwitia chakula.

Na Ngũgĩ wa Thiong'o. Vitabu vyake vya kwanza vilitoka na jina la ubatizo, James. Miaka ya 1970 akaliacha, kwa sababu aliliona kama nguo aliyovishwa na mkoloni. Kuna waliobisha? Labda. Lakini shule zilibadilisha jalada na maisha yakaendelea.

Tena hata bila kwenda kwa wakubwa. Shangazi yako alipoolewa, jina la baba liliondoka likaingia la mume. Binamu aliyesilimu akaingia na jina moja akatoka na lingine. Mtawa wa parokiani kwenu huenda hakuzaliwa akiitwa hivyo. Mama yako mwenyewe, siku ulipozaliwa, mtaa mzima uliacha kumwita jina lake ukaanza kumwita Mama Fulani. Hakuna aliyeenda kutafuta picha zake za zamani.

Kwa hiyo tusidanganyane. Kubadili jina si kitu kigeni kwetu. Tunaruhusu kwa dini, kwa ndoa, kwa siasa, kwa sanaa, kwa kuzaa. Tunapofika kwa mtu wa transjenda ndipo ghafla jina linakuwa mwamba.

Jina linatoka wapi?

Swali ambalo watu huuliza kwa udaku, lakini ni zuri: mtu akikaa chini kujichagulia jina, anaanzia wapi? Historia ina majibu mengi matamu.

Wengine huchukua kwa familia. Billy Tipton alikuwa mpiga piano na saksafoni wa jazz Marekani, aliyezaliwa 1914. Alipoanza kutafuta kazi ya muziki miaka ya 1930, kipindi cha ule mdororo mkubwa wa uchumi, alianza kuishi kama mwanamume na akachukua Billy, jina la utani la baba yake. Aliongoza bendi, akarekodi albamu, akalea watoto watatu wa kiume aliowaasili. Alipofariki mwaka 1989 ndipo watoto wake wakajua kwamba mwili wake ulikuwa wa kike. Magazeti yalichangamka kweli kweli. Lakini kwa zaidi ya miaka 50 alikuwa Billy, na hilo jina hakulitoa mbali. Alilitoa kwa baba.

Wengine huchagua kama shukrani. Christine Jorgensen, kijana wa Bronx aliyekuwa ametumikia jeshi la Marekani, alisafiri Denmark kwa matibabu. Daktari aliyemsaidia aliitwa Christian Hamburger. Naye akachagua Christine, kumuenzi. Tarehe 1 Desemba 1952 gazeti moja la New York lilimweka ukurasa wa kwanza, na aliporudi nyumbani mwaka uliofuata waandishi walikuwa wamejaa uwanja wa ndege. Alikuwa staa kabla neno "kuvuma" halijahamia kwenye simu.

Wengine hubaki karibu na pale walipokuwa. Jan Morris, mwandishi wa Uingereza, ndiye aliyeripoti habari za kupandwa kwa mlima Everest mwaka 1953. Alifanyiwa upasuaji mwaka 1972, na mwaka 1974 akatoa kitabu kuhusu safari yake. Herufi ya kwanza ya jina alibaki nayo, jina la ukoo alibaki nalo. Msomaji aliyempenda tangu zamani hakupotea njia.

Na mwigizaji Elliot Page, ambaye wengi wenu mnamjua kwa filamu. Alitangaza jina lake tarehe 1 Desemba 2020. Angalia hiyo tarehe, kisha rudi juu uangalie ya Christine. Miaka 68 kamili, siku ile ile. Imetokea tu, lakini inakuonyesha umbali uliotembewa. Christine alitangaziwa na gazeti. Elliot alijitangazia mwenyewe, kwa maneno yake, kwenye ukurasa wake.

Ukiwapanga hawa wote utaona kitu. Hakuna aliyeokota jina barabarani. Kuna aliyelitoa kwa baba, kuna aliyelitoa kwa daktari, kuna aliyeshikilia herufi ya zamani. Wale wanaosema kujichagulia jina ni kuwakana wazazi hawajaangalia haya majina kwa makini.

Halafu inakuja karatasi

Kuchagua kunaweza kuchukua usiku mmoja au miaka kumi, lakini ni kazi ya mwenyewe. Kukubaliwa ni kazi ya watu wengine, na wengi wao wanakaa nyuma ya meza na muhuri.

Hakuna stori inayoonyesha hili kuliko ya Michael Dillon. Alizaliwa Uingereza mwaka 1915, katika familia ya kibwanyenye yenye cheo cha kurithi. Alisoma Oxford, kwenye chuo cha wasichana. Kuanzia 1939 akaanza kutumia homoni, na mwaka 1944 alifaulu kurekebishiwa cheti cha kuzaliwa: Laurence Michael Dillon, mwanamume.

Imeisha? Bado. Alitaka kusomea udaktari Dublin, na chuo kikataka rekodi zake za Oxford. Rekodi zinasema alikuwa chuo cha wasichana. Ukipeleka karatasi kama hiyo na ndevu zako usoni, maswali hayataisha. Mwalimu wake wa zamani akaingilia kati, akaongea na ofisi husika, na rekodi zikabadilishwa zionyeshe kwamba alitokea chuo cha wanaume. Mtu mmoja mwenye moyo, aliyejua mlango wa kubisha, ndiye aliyeokoa maisha yake ya kazi. Michael akahitimu udaktari mwaka 1951 na kwenda kufanya kazi melini.

Kilichomwangusha baadaye kilikuwa karatasi nyingine. Uingereza kuna vitabu viwili vikubwa vinavyoorodhesha familia zenye vyeo. Kimoja kilikuwa kimemwandika upya kama mwanamume, mrithi wa cheo cha kaka yake. Kingine kilibaki na habari za zamani. Mwaka 1958 kuna mtu aligundua kwamba vitabu viwili havielewani, na waandishi wa habari wakamfuata hadi melini. Hakuwa amefanya kosa lolote. Orodha mbili tu hazikulingana.

Michael aliacha kazi akaenda India, akaingia kwenye dini ya Buddha, akachukua jina jingine tena, Jivaka, aliyekuwa tabibu wa Buddha katika masimulizi. Alifariki huko mwaka 1962, akiwa na miaka 47. Kitabu cha maisha yake, alichokiandika mwenyewe, kilikuja kuchapishwa mwaka 2016. Miaka 54 baadaye!

Christine naye, pamoja na ustaa wote ule, aligonga ukuta huo huo. Mwaka 1959 alitaka kufunga ndoa New York. Dunia nzima inamwita Christine, mabango yanasema Christine. Ofisi ya leseni za ndoa ikaangalia cheti cha kuzaliwa, ikaona kimeandikwa mwanamume, ikasema hapana. Makofi ya ukumbini hayakumsaidia kitu mbele ya lile faili.

Nairobi, 2014

Sasa turudi kwetu, maana hapa ndipo stori inapogusa mfuko.

Audrey Mbugua alifanya mtihani wa KCSE mwaka 2001, Kiambu, akapata A ya kutoa. Wale mliofanya huo mtihani mnajua hiyo si alama ya kubahatisha. Akaenda Chuo Kikuu cha Maseno. Baadaye akaanza matibabu, akaishi kama mwanamke, akabadili jina kisheria kwa hati maalum, na mabadiliko hayo yakatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Hadi hapo kila kitu kimefanywa kwa utaratibu.

Tatizo lilikuwa cheti cha KCSE. Kilikuwa na jina la kiume na alama ya jinsia ya kiume. Fikiria uko kwenye mahojiano ya kazi. Umekaa pale mwanamke, umevaa vizuri, majibu unayo. Mtu wa ajira anafungua faili, anaona cheti cha mvulana. Kitu cha kwanza kitakachomjia kichwani ni nini? Kwamba umeiba cheti cha mtu. A yako, iliyokugharimu miaka minne ya kulala usiku wa manane, inageuka ushahidi dhidi yako. Ndivyo ilivyokuwa kwa Audrey: msomi mwenye alama za juu anakaa bila kazi kwa sababu ya mstari mmoja wa maandishi.

Alilifuata Baraza la Mitihani, KNEC, abadilishiwe. Baraza likakataa. Akaenda Mahakama Kuu.

Tarehe 7 Oktoba 2014, Jaji Weldon Korir akatoa uamuzi. Baraza liurudishe ndani ule mkongojo wa karatasi na kutoa cheti kipya chenye jina Audrey Mbugua Ithibu, bila alama ya jinsia. Hoja yake moja ilikuwa rahisi hivi: mtihani haukusahihishwa kwa kuangalia jinsia, kwa hiyo kuondoa alama ya jinsia hakupunguzi chochote kwenye cheti. Alama ni zile zile. Akili iliyozipata ni ile ile. Na Katiba ya 2010, kwenye kifungu cha 28, inasema kila mtu ana heshima yake na heshima hiyo inapaswa kulindwa.

Mwaka huo huo, mwezi wa Julai, Mahakama Kuu ilikuwa tayari imeiamuru bodi ya mashirika yasiyo ya kiserikali isajili shirika la Transgender Education and Advocacy, ambalo Audrey alikuwa mmoja wa viongozi wake. Hata shirika lenyewe lilibidi lipigane mahakamani ili liwe na jina kwenye daftari.

Sasa rudi kwenye lile jina kamili: Audrey Mbugua Ithibu. Alichobadilisha ni jina la kwanza. Mbugua limebaki. Ithibu limebaki. Kwa Wagĩkũyũ unajua majina yanavyotembea, kutoka kwa babu kwenda kwa mjukuu, kila mtoto na zamu yake. Na Mbugua ni jina la kiume kabisa! Angeweza kulitupa. Hakulitupa. Kwa hiyo yule wa kusema "amewakana watu wake" asome hicho cheti kipya vizuri. Ukoo uko pale pale, umeandikwa kwa herufi kubwa.

Mtu asiye na jina aliyeshinda kesi

Kuna kesi nyingine ya Afrika ambayo naipenda kwa sababu ya ajabu yake. Botswana, Septemba 2017. Mwanamume mmoja wa transjenda aliishtaki serikali kwa sababu kitambulisho chake kiliendelea kusema yeye ni mwanamke. Kila alipokwenda benki, hospitali, au alipokutana na polisi, ilibidi aanze kueleza maisha yake upya kwa mtu asiyemjua. Mahakama Kuu ilimpa ushindi: serikali ilikosea kukataa, ibadilishe alama.

Jina lake? Hatulijui. Kwenye faili ni herufi mbili tu, ND. Mahakama ililificha ili alindwe. Kwa hiyo mmoja wa washindi wakubwa wa Afrika kwenye mambo ya utambulisho anajulikana kwa herufi mbili. Si aibu hiyo. Ni kwamba alihitaji kuendelea kuishi mtaani kwake baada ya hukumu, akinunua mkate kama watu wengine.

Nchi nyingine zimeona ni afadhali kuondoa foleni yote hii. Argentina ilipitisha sheria mwaka 2012 inayomruhusu mtu mzima kubadili jina na alama ya jinsia kwenye rejista kwa tamko lake mwenyewe. Hakuna jaji, hakuna cheti cha daktari. Unajaza fomu, wanaandika.

Hata Hollywood ilibidi ijifunze. Ile tovuti kubwa ya filamu, IMDb, ilikuwa ikiweka majina ya kuzaliwa ya waigizaji wa transjenda kwenye kurasa zao bila ridhaa yao. Malalamiko yakawa mengi, na mwezi wa Agosti 2019 wakabadilisha sera: mhusika anaweza kuomba jina lile liondolewe. Na Elliot alipotangaza mwaka mmoja baadaye, jina lake lilibadilika kwenye orodha za filamu ndani ya muda mfupi. Kompyuta haikulia. Mashabiki wa filamu zake waliendelea kuzipata kama kawaida.

Kwa nini hii ni stori ya leo

Mtu anaweza kusema, sawa, cheti, mahakama, hayo ni mambo makubwa ya watu wachache. Hapana. Angalia simu yako.

Kenya unalipa kila kitu kwa M-Pesa. Ukituma pesa, jina ulilosajiliwa nalo linamtokea unayemtumia. Jina linatoka kwenye kitambulisho. Kwa hiyo dada aliyeishi miaka mitano kama Aisha, na majirani wote wanamjua kama Aisha, akinunua sukuma ya 50 kwa mama mboga, simu ya mama mboga inasoma jina la mvulana. Hapo hapo, mbele ya wateja. Mara ngapi kwa siku unalipa kitu? Sasa hesabu.

Au foleni ya hospitali, nesi anapoita jina kwa sauti kubwa na watu 40 wanageuka kuona nani atasimama. Wapo wanaoamua kutosimama. Wanarudi nyumbani na ugonjwa wao. Au mwenye nyumba anayetaka nakala ya kitambulisho kabla ya kukupa ufunguo. Haya mambo hayaendi mahakamani wala kwenye magazeti. Yanatokea Jumanne ya kawaida, kwa watu ambao hatutawahi kujua majina yao, mapya au ya zamani.

Na ndiyo maana ile sentensi ya "jina halibadilishwi" inaumiza kuliko anavyofikiri anayeiandika. Anadhani anatetea mila. Lakini mila zetu zilimpa Mtumwa binti Saad nafasi ya kuwa Siti. Zilimpa Kamau nafasi ya kuwa Jomo. Anachotetea kwa kweli ni ile ofisi iliyomwambia Christine hapana, na yale magazeti yaliyomfukuza Michael kutoka melini.

Historia hii ina watu wachache walioifanya kazi yao vizuri, na wengi hawana majina makubwa. Mwalimu wa Oxford aliyekwenda kubisha mlango. Jaji aliyeuliza swali dogo, kwamba jinsia inahusianaje na alama ya mtihani? Na kabla ya hao wote, watu wa mjini Unguja waliosikia jina Siti, wakaanza kumwita hivyo bila kuuliza karatasi.

Wewe huna muhuri wala rungu la jaji. Una mdomo na kidole cha kuandika. Rafiki akikwambia jina lake sasa ni hili, kazi yako ni ndogo sana: lihifadhi hivyo kwenye simu yako, limwite hivyo mbele ya watu, na mwingine akikosea mrekebishe taratibu, kisha stori iendelee. Haitakugharimu hata bando.

Sasa uwanja ni wenu hapo chini. Nataka kusikia: jina lako ulipewa na nani, na kuna siku ulitamani kulibadilisha? Kwenu kuna bibi au mjomba aliyebadili jina na familia ikazoea? Leteni stori. Ila ile kanuni ya juu bado inafanya kazi: atakayeleta jina la zamani la mtu hapa, komenti yake naifuta.